Besi ya Mzee Elirehema

Alhamisi, Maji ya Chai

Na hicho kitufe cha solfa bado sijakiona.

Mwongozo wa hii programu ya kuandika muziki unasema fungua menyu ya maneno, kisha chagua solfa. Kwangu menyu hiyo haipo. Nimesoma kurasa na kurasa za Kiingereza, kumbe ni mwongozo wa toleo la zamani. Wa toleo langu unafundisha nota za mistari tu, na kwenye kwaya yetu hakuna anayezisoma. Sisi ni solfa, do, re, mi, tangu shule ya Jumapili.

Mchana Mzee Elirehema alikuja kuniimbia besi ya wimbo wake wa mazishi, niuchape kabla haujapotea. Aliutunga mwenyewe na haujawahi kuandikwa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nisubiri kidogo, natafuta pa kuandikia." Akasubiri mpaka chai yake ikapoa, mimi nahangaika na menyu.

Alipochoka kusubiri akaanza kuimba. Katikati akanyamaza.

"Hapa palikuwa na kitu," akasema. "Ngoja kidogo, mwanangu. Hapana. Kimeondoka."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimeuliza mtandaoni, mtu mmoja akanijibu: soma mwongozo.

Mzee alipoondoka nikatoa kikombe chake mezani. Kalamu ilikuwa pale pale kando yake, na solfa tumeziandika kwa kalamu miaka yote.

Kesho nitamfuata kwake na karatasi. Lakini hapo katikati, sijui nitaandika nini.