Mbwa Wawili na Swali la Tisa

Jumatatu, 4 Machi
Binti yangu kapiga simu. Eti nyumba imepoa tangu baba yake afariki, nichukue mtoto wa mbwa anichangamshe. Yeye mwenyewe hajakanyaga hapa miezi mitano. Shemeji naye, bila kuulizwa, anasema nichukue mbwa mtu mzima, tutaendana. Tutaendana! Nina miaka sitini na saba na ngazi napanda bila kushika ukuta.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Na daftari, na kalamu nyekundu – miaka thelathini na minne ya ualimu haifutwi na karamu ya kuniaga. Nimewatahini wawili. Kitoto: masikio makubwa, kimetafuna kamba ya kiatu changu. Uchangamfu kumi, nidhamu sifuri. Mzee: miaka kumi, kaniangalia mara moja, karudi kulala. Juhudi mbili, na hizo nimempa kwa huruma. Kafeli.
Nimerudi nyumbani na huyo aliyefeli ndiye ninayemfikiria.

Ijumaa, 8 Machi
Kitoto kikiishi miaka kumi na mitano, nitakuwa na themanini na miwili. Nani atamvuta nani kwa kamba? Nimeingiwa na hofu, na kwa kuwa sina wa kumlaumu, nimemnunia shemeji. Basi, nachukua kitoto. Kwa ukaidi tu.

Jumatatu, 11 Machi
Saa nne asubuhi, kituoni. Fomu ina maswali tisa. La tisa: usipokuwepo, nani atamchukua mbwa? Nimekwama. Mtunza mbwa kaniona.
"Mama, ungemchukua yule mzee, hilo ungeliruka tu. Yeye ndiye atatangulia."
Katabasamu kama aliyenipa maksi za bure. Nikauliza mzee alifikaje hapa. Kanitolea fomu ya zamani: mwenye mbwa alimchukua hapa hapa angali kitoto; mwenyewe, anasema mtunza, kafariki mwaka jana. Mwandiko umenyooka, wa mtu makini. Majibu manane. La tisa tupu.
Maisha yangu yote nimewakata watoto wa watu maksi kwa swali lililoachwa wazi, nikidhani ni uvivu. Nimeona aibu.
Nimeomba fomu ya kumchukua mzee. Nimejaza manane. Mzee kaletwa, amelala juu ya kiatu changu, kile chenye kamba iliyotafunwa. La tisa siliruki. Nimempigia binti yangu kazini, jambo nisilolifanya kamwe, naye kashtuka.
"Mama, unaumwa? Daktari kasemaje?"
Nikamwambia hakuna daktari, kuna mbwa, nataka jina moja tu la kuandika hapa. Na swali nikamsomea lote, polepole, kama imla.
Nasikia anafunga mlango wa ofisi. Naandika haya simu ikiwa sikioni, mtunza mbwa anatazama saa yake.
Sijawahi kumwongezea mwanafunzi muda. Huyu namwongezea.