Bastola ya Dhamana

Jumatatu, 4 Machi

Sartaj ameleta bastola. Mpya, ndani ya boksi, imefungwa karatasi ya mafuta. Ndogo, inaingia kiganjani. Kanikabidhi mbele ya mkewe huku anatabasamu. Nikaipeleka mlangoni penye mwanga. Tabasamu likamwisha.

Ubavuni mikwaruzo mitupu, utadhani kuku kapita na kucha zake. Rangi nyeusi imechuruzika pembeni ikaganda, tone zima, kama makamasi ya mtoto. Kishikio ni vipande viwili visivyokutana — ukucha wangu unazama katikati. Na kile kidude cha kulengea, juu ya mtutu, kimeinama upande kama mlevi anayetafuta mlango.

Nimemuuliza, mwanangu, hii umenunua au umeokota?

Akasema, Mama, ni sura tu. Inapiga.

Hata punda wa jirani anapiga. Tumpeleke yeye barazani?

Si ya kuwindia hii. Alhamisi wazee wanakaa. Zarghun, mjukuu wangu, kichwa maji yule, alimvunja mkono kijana wa Haji Tawos kwa koleo, wakigombea zamu ya maji ya shamba. Mpaka kesi iamuliwe, kila nyumba inaweka silaha yake kwa wazee. Ndiyo neno lenyewe hilo: hatutawagusa, msituguse. Wakiipokea, Zarghun anatoka nje. Wakiikataa, akivuka kizingiti tu wana wa Tawos wanamsubiri. Bunduki ya marehemu mume wangu ilichukuliwa na askari mwaka ule wa operesheni ya kusaka silaha. Ya kuazima haifai. Lazima iwe yako.

Na hapa Dara, mji wa mafundi bunduki, hata muuza maziwa anajua bastola. Itapita mkono kwa mkono, na kila atakayeishika atasema, kumbe neno lao ndilo hili.

Jumanne, 5 Machi

Nimemrudisha Sartaj dukani. Karudi nayo ile ile. Muuzaji, Gulbaz, alimcheka: kaka, unataka kupiga au unataka kuoa? Akamwambia zote ziko hivyo siku hizi, mafundi wana haraka na wateja hawaangalii. Akamtolea nyingine achague. Ya kwanza ina alama ya dole gumba la mtu chini ya rangi, imekaukia humo humo. Nyingine ina kutu. Mpya, ina kutu — kama mtoto aliyezaliwa na mvi. Sartaj kaona bora ile ile yake.

Kwenye boksi wamebandika karatasi: imekaguliwa. Na nani? Aliyekagua alikuwa anakula.

Nimetema mate uani. Marehemu mume wangu, naye fundi wa bastola, aliwahi kuyeyusha kazi yake mwenyewe kwa doa dogo kuliko chawa.

Zarghun anazunguka chumbani kama mbuzi wa Idi. Nimemkaangia kababu. Nimempiga kofi la kisogo, kisha nimembusu pale pale nilipopiga. Akasema, Bibi, amua moja. Nikamwambia nimeshaamua yote mawili, kula.

Jumatano, 6 Machi

Sina hamu ya kuandika.

Sartaj kaona haya, kanunua msasa. Asubuhi nzima kasugua ubavu wa ile bastola, kisha kaipaka dawa ya viatu. Kaniletea: Mama, tazama sasa.

Nimetazama. Mikwaruzo imetoka. Na nusu ya namba iliyochongwa pale imetoka nayo.

Mkewe, Nazmina, kaziba mdomo. Yeye kaelewa mara moja. Bastola iliyofutwa namba ni ya mtu aliyeua na anajificha. Silaha yenye damu haiwekwi dhamana — ukiiweka umewatukana wazee, na unayetaka kupatana naye umemtemea mate. Jana ilikuwa mbaya tu. Leo ni muuaji. Tena inanuka viatu.

Nyingine? Kwa pesa zipi, na ya nani isiyo na makamasi?

Nimemwambia Sartaj: kesho uwe wa kwanza kusema, kabla mtu hajaishika. Sema nilinunua takataka, nikaona haya, nikaisugua. Watakucheka, wacha wakucheke. Kajibu, nitasema, Mama.

Namjua huyu. Nimemzaa.

Alhamisi, 7 Machi

Wamekaa chumba chetu cha wageni. Mimi na Nazmina huku nyuma ya ukuta, Zarghun katikati yetu. Naandika ili mkono upate kazi.

Sartaj hakusema. Salamu, chai, afya ya ng'ombe — hakusema.

Sasa bastola inapita mkono kwa mkono. Nasikia wanavyonyamaza, mmoja baada ya mwingine. Malik Daulat, mwenye baraza, kakohoa. Haji Tawos kauliza taratibu, kama anauliza bei ya vitunguu: hii imemuua nani?

Ndipo mwanangu akapata ulimi. Maneno yote kwa pamoja, duka, msasa, dawa ya viatu. Tawos akamwambia, yaani uliharibu bastola mpya ili ipendeze? Ungeitoboa na masikio basi, uivalishe herini. Wakacheka. Kucheka si kubaya, nikasema moyoni, mtu anayecheka hajashika silaha. Lakini Malik hakucheka. Akasema: aitwe muuzaji. Akikiri kwamba aliiuza yeye, na kwamba ilitoka dukani mbaya hivyo, namba yake nzima, naipokea.

Basi uhai wa mtoto huyu uko kinywani mwa Gulbaz.

Kafika. Namsikia anavua viatu. Wamempa. Humo ndani wateja wake wamejaa, na watoto wa wateja wake.

Anasema: wazee wangu, mnanijua. Kitu kibaya namna hii hakijawahi kutoka dukani kwangu.

Mbwa.

Sartaj anaapa. Nani anasikiliza kiapo cha mtu anayejitetea? Vitanda vya kamba vinalia — wana wa Tawos wanainuka. Zarghun kainuka pia, mjinga, anataka kwenda kumkabili Gulbaz.

Nimevua shali. Shali ya mwanamke mzee ikianguka kati ya wanaume, hakuna anayethubutu kuikanyaga, ugomvi unaishia hapo. Nazmina kanishika nguo: Mama, kule ni baraza la wanaume, utaingiaje?

Nimemwambia amshike Zarghun, asinishike mimi.