Majani ya Upande wa Asubuhi

Jumatatu, 2 Februari
Nimekagua mizabibu kabla ya kwenda shule. Mvua tena. Miche minne ya baba, niliyoileta kwa treni kutoka Dodoma ndani ya gunia lililolowa, yote ina vichala. Mara ya kwanza tangu nihamishiwe Kigoma. Baba amekufa, shamba limeuzwa. Imebaki hii tu.

Alhamisi, 5 Februari
Nimerudi nikakuta miwili imenyonyolewa. Vichala viko uchi. Ni Mama Esperansi, mkimbizi wa Burundi anayepanga chumba cha uani na kunifulia. Amechuma majani kama mushogoro, yale majani ya maharage wanayopika kwao! Baba alitufundisha jani ni mwavuli. Jua la Dodoma likipiga kichala, kinaungua. Nimefoka mpaka jirani akatoka. Mama Esperansi ati, “Mwalimu, zinataka upepo.” Upepo. Anifundishe zabibu mimi, Mgogo?

Ijumaa, 6 Februari
Hasira haijashuka. Nimekwenda kumshitaki kwa balozi wa nyumba kumi. Nilitaka aonywe, basi. Balozi akauliza kama ana kibali cha kutoka kambini. Nikasema sijui. Nilijua hana.

Jumanne, 10 Februari
Polisi wamemchukua Mama Esperansi na binti yake, mimi nikiwa darasani. Wamerudishwa kambini. Nguo zangu zimekunjwa barazani, safi. Namchukia balozi. Nimeshitaki majani, yeye kakamata mtu. Na huyo mama naye, angeniomba kwanza angekufa?

Jumapili, 22 Februari
Mvua mfululizo. Miwili yenye majani yote imeshikwa na ukungu wa kijivu. Vichala vimeoza, vinanuka siki. Miwili aliyoipunguza ni mizima. Leo ndiyo nimeitazama. Alitoa majani yanayozunguka vichala tu, upande wa jua la asubuhi. Upande wa ziwani, linakopiga jua kali la jioni, hakugusa. Umande unakauka mapema, punje zinaiva vizuri. Hakuchuma mboga. Mjinga mimi, mwalimu mzima.

Jumanne, 3 Machi
Jirani kaniambia Mama Esperansi alikulia kando ya mizabibu ya mapadri huko kwao. Jirani anajua. Mimi sikuuliza. Sijala.

Jumamosi, 14 Machi
Nimechuma. Tamu kuliko za baba, Mungu anisamehe. Nimepanda gari hadi kambini na kikapu. Getini wakauliza jina lake kamili. Miaka miwili amenifulia, silijui. Nikasema Mama Esperansi. Wakasema wako wengi.

Nimerudi jioni na kikapu changu.