Tuliwaita kwa Majina, Hawakuitika

Mpendwa Bibi Sabina, shikamoo.

Naomba unisaidie, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu hapa Butimba bila kuchekwa, na nikikaa nalo peke yangu naona kama ziwa lote limehamia kifuani mwangu. Naitwa Odeta, nina tovuti ya kulipia, mtu anajisajili kuwa mwanachama, analipa kidogo kila mwezi kwa kadi ya benki au kwa simu, kisha anafunguliwa kusikiliza sauti za kwetu, kina mama wakisimulia hadithi, wakiimba nyimbo za kulimia na za kubembelezea watoto, na mara nyingine hakuna mtu kabisa, ni mawimbi tu yanayagonga mawe na ndege wanalia, na watu wetu walioko Mtwara, Dodoma na hadi Ulaya huniandikia kwamba wanafunga macho wakiwa ofisini na kujiona wamekaa juu ya jiwe, miguu imo majini.

Sauti hizo ni za Bibi Dorotea, mzaliwa wa Ukerewe, na Mama Maulida wa Kirumba, ambaye amezeeka akiuza dagaa katika soko la Mwaloni na hakuna hadithi asiyoijua, na malipo ya wanachama nawagawia wao, Bibi Dorotea ndiyo yanayomnunulia dawa ya presha. Yeye ndiye aliyetuletea desturi ya kwao, kwamba zamani mtumbwi ukionekana unakuja, mwanamke wa nyumba inayotarajia mgeni alisimama juu ya jiwe akaita jina la huyo mgeni, akasema, "Karibu nyumbani, moto unawaka!" Basi nasi kila mwanachama mpya anapoingia tunakwenda kwenye jiwe letu ufukweni, Bibi anamwita kwa jina lake, mimi narekodi na kumtumia, na wako watu wazima walioniandikia kwamba walipoisikia waliinama mezani wakalia.

Sasa Bibi Sabina, tangu mvua za masika zilipoanza wanachama wakaanza kumiminika, tunakula mchana simu inalia, ameingia mmoja, hatujanawa ameingia mwingine, majina ya nchi nisizozijua, nami nilifurahi mno, tukawa tunashinda kwenye jiwe, ukungu umelala juu ya maji, Bibi anaita jina baada ya jina na sauti yake inakwenda mbali kama inavutwa na kamba. Siku moja Mama Maulida akauliza, "Huyu Gunnar naye ni wa ukoo gani?" nikamjibu ni wa mbali, akasema, "Wageni wote ni wa mbali, muite, Dorotea, ila usimng'ate jina," na Bibi akasema, "Nimwiteje kwa ulimi huu uliokulia ndizi na samaki? Gunaaari! Karibu nyumbani, moto unawaka!" tukacheka hadi kitenge kikamdondoka Bibi.

Dalili niliziona, sitakuficha. Namba zao za simu zilipishana kwa tarakimu moja tu, anwani zao za barua pepe zilikuwa kama kuku amepita juu ya vitufe, kadi moja ikikataliwa jina lile lile linaleta kadi nyingine, na hakuna hata mmoja aliyefungua hadithi. Nilinyamaza kwa sababu nilikwisha kuwapenda, nilikwisha kuwajengea nyumba kichwani, huyu ana dirisha linalotazama theluji, huyu ana bibi aliyekufa bila kumwimbia, na nikilala mchana naota wanakuja wote katika mtumbwi mmoja mrefu usio na mpiga kasia, nyuso zao siwezi kuziona, tunaita, tunaita, na mtumbwi haufiki wala haurudi nyuma.

Binamu yangu Chenge ndiye aliyeitengeneza tovuti, naye alipoitazama alisema, "Dada, hao si watu. Ni wezi wanazionja kadi za wizi kwako, kama mtu anayejaribu funguo za kuokota kwenye mlango wa jirani. Kadi ikikubali kwako, wanakwenda kuitumia kwenye mambo makubwa." Nikamwambia pengine ni watu wenye aibu, akasema, "Aibu ya kulipa halafu usisikilize? Wewe ukinunua sato unamwacha mezani umtazame?" Na juzi kampuni inayotupokelea malipo imeniandikia kwamba wenye kadi wanalalamika kwamba hawatujui, na kama hali haijabadilika kufikia mwisho wa mwezi watatufungia, na wakitufungia, Bibi Sabina, jiwe letu litanyamaza na sijui Bibi Dorotea atanunua dawa kwa pesa gani.

Chenge anataka tuwafute wote walioingia tangu masika. Ningekubali, lakini yupo mmoja. Alijiandikisha kwa jina moja tu, Ngosha, kadi yake ina jina la kigeni, aliingia katikati ya wale wale, siku ile ile, anwani yake haisomeki kama zao, ila huyu anasikiliza, si hadithi, si nyimbo, ni ule wito tu ambao Bibi alimwita, anaufungua tena na tena na tena. Nilipomwambia Bibi alisema, "Huyo mwache," nikamuuliza kwa nini, akaanza kujifunga kitenge upya. Mama Maulida ndiye aliyeninong'oneza kwamba mtoto wa mwisho wa Bibi aliondoka kijana kwenda kufanya kazi melini, rafiki zake Wasukuma walimwita Ngosha, yaani mwanamume, na habari zake zilikatika kabla mimi sijazaliwa.

Unawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka juu ya maji kama nguzo ya moshi? Nilipokuwa mtoto nilidhani huko chini kuna watu wanapika. Sasa nikiwaona nasimama nikiwatazama kama mjinga. Niambie, Bibi, niwafute wote pamoja na huyo, au niwaache wote kwa ajili yake?

Mwanao,
Odeta, Butimba

*

Odeta mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza nilitafuta nukta ya kupumzikia nisiione. Ukiandika tena, pumua. Mtu anayepumua huona mambo mawili ambayo wewe hukuyaona.

La kwanza. Unasema umewapenda watu wasiokuwapo. Umekosea. Wapo. Yule Gunnar ana mwili, ana jina alilopewa na mama yake, na leo hii amesimama mbele ya dirisha la benki akiuliza ni nani wa Mwanza aliyekula pesa yake. Wezi hawakukuletea majina ya hewani. Wamekuletea majina ya watu walioibiwa, nanyi mkapanda juu ya jiwe mkayaimba. Wewe ulimwona kwenye dirisha la theluji, ametulia. Dirisha analo, lakini utulivu umemtoka. Ndoto yako ilikuwa ya kweli kuliko ulivyodhani: mtumbwi ule haufiki kwa sababu waliomo hawakupanda kwa hiari yao.

Sikulaumu kwa kudanganywa. Malango ya vitu vidogo vidogo ndiyo wezi wa kadi wanayoyapenda, kwa sababu mwenye lango dogo hufurahia kila anayeingia na haulizi. Ninakulaumu kwa kuona namba za simu zinazofuatana kama watoto wa shule kwenye mstari, ukanyamaza kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kutamu. Wewe si mtoto tena. Moshi bila harufu ya chakula ni wadudu.

Basi fanya hivi, na uanze leo, si baada ya kuota tena. Mwambie Chenge afunge mlango wa kujisajili. Wanachama wa zamani waendelee kusikiliza, wapya wasubiri. Chenge ana haki katika jambo la wezi, lakini hana haki katika kufuta: asifute lolote kabla hajaweka nakala ya kila kitu, siku walizoingia, kadi zilizokataliwa na namba zile zinazofanana, kwa maana kampuni itavitaka na polisi pia, na polisi mtakwenda. Kisha rudisha malipo ya kila mmoja unayemtilia shaka, wewe mwenyewe, bila kungoja alalamike. Malipo yanayorudishwa kwa hiari si sawa na yanayoporwa na benki kwa malalamiko. Iandikie kampuni ukweli wote: ulichokiona, lini ulikiona na ulichokifanya. Usijipambe. Anayepokea barua kama hizo kila siku humtambua anayejipamba.

Mlango ukifunguliwa tena, usiwe wa kusukuma tu. Anayejisajili atumiwe namba ya uthibitisho kwenye simu au barua pepe yake, na asipoirudisha asiingie. Anayejaribu kadi moja, ya pili na ya tatu, azuiwe palepale. Anayelipa asubiri kidogo, umtazame, ndipo umfungulie. Mtu wa kweli hachukii kusubiri kidogo. Mwizi huchukia, naye huenda kutafuta uzembe mahali pengine.

Kina mama waambie wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa, usimtume Chenge. Fungu lao litapungua, na waambie hivyo. Wanachama wenu wa kweli walikuwapo kabla ya masika na dawa ilinunuliwa. Ikiwa haitoshi, waandikie wanachama hao yaliyokupata. Watu wanaolia mezani kwa kusikia majina yao hawatashindwa kumnunulia Bibi dawa.

Sasa la pili usiloliona. Umenieleza desturi ya Ukerewe jinsi mwanamke anavyosimama na anavyoita. Hukunieleza mtu wa mtumbwini alifanya nini. Kamuulize Bibi Dorotea. Sijalelewa huko, lakini sihitaji kulelewa huko ili nijue kwamba aliyeitwa aliitika. Mwanamke hakuteremka kutoka kwenye jiwe kwenda kuongeza kuni kwa kusikia sauti yake mwenyewe tu. Mmechukua nusu ya desturi, ile iliyo nzuri kurekodi, mkaiacha nusu iliyokuwa ikilinda nyumba. Kuanzia sasa kila mgeni aitwe, na aitike kwa sauti yake mwenyewe, hata kama ni neno moja, ndipo hadithi zifunguliwe. Chenge ajue namna ya kulitengeneza hilo. Ikiwa alijua kutengeneza mlango, atajua kutengeneza na kizingiti.

Nimebakiwa na Ngosha, nawe ulijua nitamweka mwisho.

Ukienda stendi ya Buhongwa ukaita "Ngosha!", nusu ya wanaume watageuka. Jina hilo si ushahidi. Kuufungua wito mara nyingi nako si ushahidi. Hata mashine hufungua kitu kimoja mara nyingi, na Chenge anaweza kukueleza. Kadi yenye jina la kigeni inaweza kuwa ya wizi, na inaweza kuwa ya mke, au ya bwana wa kazi, au ya mtu aliyebadili jina ili apate kibali mahali fulani. Hatujui. Kwa hiyo afanyiwe kama wenzake: malipo yake yarudishwe, mlango wake ufungwe, aandikiwe maneno yale yale waliyoandikiwa wote. Usiwaache wezi wote ndani kwa ajili ya mtu mmoja, wala usimpe Bibi Dorotea tumaini ambalo wewe mwenyewe huna. Tumaini nalo ni dawa, na kipimo chake hukijui.

Lakini wito haulipiwi. Chagua asubuhi tulivu. Nenda na Bibi kwenye jiwe, Mama Maulida awe karibu amshike mkono. Mwache amwite Ngosha mara moja, kwa maneno ayatakayo yeye, pengine kwa Kikerewe, pengine kwa jina lile ambalo rafiki zake Wasukuma hawakulijua. Akimaliza, usizime kinasa sauti kama ulivyozoea. Kiache kinase maji, na Bibi akipumua, na nafasi ambayo mtu angeitikia. Mtumie Ngosha hivyo hivyo kwenye anwani aliyojiandikishia, na nafasi yake ikiwamo.

Akiitika, mama ataijua sauti hiyo kabla yako, kabla ya Chenge na kabla ya benki yoyote. Asipoitika, mshikeni Bibi mikono, mteremke polepole, kwa maana mawe hayo yanateleza, mwende nyumbani mkapike. Mlisema moto unawaka. Uwake.

Bibi Sabina