Mama, Chumba cha Vipimo Nacho Kimepimwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwalimu atakayekusomea namwomba asome polepole, asiruke kitu. Mie mzima, na mjukuu wako Agnesi, ambaye hujamwona, mzima pia. Meno mawili yametoka na ananing'ata.

Nakumbuka tulivyokuwa tukikaa kilabuni Buguruni, wewe na mtungi wako wa pombe ya mtama, mie nachuja. Hukumuuzia mtu kabla hujanywa wewe kwanza mbele yake. Yule mzee wa Mtoni alikuwa akikutania, "Mama Rosina, unakunywa faida." Nawe ukimjibu, "Afadhali ninywe faida kuliko nikuzike wewe."

Ndiyo maana siku askari alipochukua chupa ya pombe yako ikapimwe hatukuogopa. Jibu likarudi kwamba umetia moshi, ile pombe kali ya kukeneka kwa moto iliyokatazwa. Barazani ukasema, "Bwana Liwali, nipeni hiyo chupa niinywe hapa hapa." Watu wakacheka. Liwali akasema kipimo cha serikali hakibishaniwi. Ukafungwa. Ulipotoka hukuaga hata majirani, ukapanda gari la Songea, mie na mimba yangu nimesimama nakutazama.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda barazani na mtoto mgongoni kwa ajili ya Mama Tabu, jirani yetu, naye ameshtakiwa jambo lilelile. Akasimama Mzungu mmoja aliyetumwa na serikali kukagua vyumba vya kupimia pombe. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kukatakata kwamba alijaza maji ya kisima kwenye chupa za wapimaji wenyewe, zile wanazopewa askari, akazichanganya na chupa za washtakiwa, wapimaji wasijue. Majibu yakaja: moshi. Kumbe chupa walikuwa wakizisafisha kwa spiriti, wala hawangoji zikauke.

Mama Tabu akauliza, "Na kisima nacho kitafungwa?" Hata askari wa mlangoni alicheka.

Liwali hakucheka. Akasema chumba kile hakitatoa ushahidi tena mpaka kikaguliwe upya na kipewe kibali, na kuanzia sasa askari akichukua pombe ajaze chupa mbili, moja abaki nayo mwenye pombe. Mama Tabu akaachiwa.

Nikamfuata karani, nikamwuliza, na kesi ya mama yangu je? Akasema inaweza kusikilizwa upya, ila lazima uje mwenyewe.

"Siwezi kusimama mie badala yake?"

"Kwani ulifungwa wewe?"

Ndiyo maana nakuandikia.

Najua utasema yamepita. Mie hayajanipita, Mama. Watu hapa bado wananiita mtoto wa mama wa moshi. Hawana ubaya, wamezoea tu. Ila Agnesi anaanza kusikia maneno, na sitaki akue akiitikia jina hilo. Baba yake amekwishapaka chokaa chumba cha nyuma, nami nimekitandika.

Najua pia uliapa kwamba mguu wako hautagusa tena mchanga wa Dar es Salaam. Basi usiuguse. Baba Agnesi ana baiskeli, atakupokea pale gari linaposimama, akupakie moja kwa moja mpaka barazani. Ukishasafishwa jina lako mbele za watu, ndipo ushuke.

Kaa salama mpaka nikuone.

Binti yako,
mama Agnesi