Baba Mkwe Aliufufua Mto, Mimi Nimeambiwa Niukomboe Kutoka Kwake

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi maana nyumba yangu inawaka moto.

Mimi ni mwenyekiti wa chama cha wenye ardhi kando ya mto hapa bondeni kwetu, kusini mwa Norwe, na baba mkwe wangu, Oddvar, ndiye aliyeanzisha kituo cha vifaranga vya samaki aina ya samoni enzi zile mvua ya tindikali ilipoua mto wetu ukabaki maji matupu, akawa anaangulia mayai kwenye banda lake na kumwaga vifaranga kila mwaka mpaka samaki wakarudi, na hakuna mtu bondeni asiyemheshimu kwa hilo, hata mimi. Lakini sasa maji yamepona, samoni wa porini wanazaa wenyewe, na watafiti waliopima magamba ya samaki wanasema wale wa kituoni wakirudi kutoka baharini huzaa watoto dhaifu, wakichanganyika na wa porini wanawadhoofisha nao, na tena kila vuli tunawatoa mtoni majike wachache tulio nao ili tuwakamue mayai. Kamati imegawanyika nusu kwa nusu kuhusu kukifunga kituo. Kura ya mwisho ni yangu.

Jumapili tukila keki za waffles kwake akasema mbele ya wote, "Mkwe wangu, siku utakayoinua mkono kufunga banda langu, kahawa ya nyumba hii utainusa ukiwa barabarani." Mume wangu Steinar akaendelea kupaka jamu.

Juzi nikamkuta mtoni, ingawa tulikubaliana asivue mpaka kura ipigwe, maji yakimfika kiunoni, wavu umemnasa jike kubwa.

"Baba, mwachie!"

"Piga kelele tena umtishe! Njoo ushike huku!"

Nikaingia, nikashika wavu, mara mguu wake ukateleza na maji yakamvuta, nikaachia wavu nikamkamata kwa kola, yule samaki akaenda zake. Alipofika ukingoni akaniambia, "Umemwachia makusudi." Mshauri, niliachia ili nimwokoe yeye, lakini nilipomwona yule jike akipotea nilifurahi, na nadhani aliiona furaha ile usoni pangu. Tangu hapo hapokei simu yangu, na Steinar anasema nimemwaibisha mzee, nijitoe kwenye kura. Nijitoe?

Ingunn

JIBU

Ingunn, pole. Sasa futa machozi unisikilize.

Usijitoe. Ulipochaguliwa hukuambiwa utapiga kura siku za jua tu. Ukikimbia, kamati itakwama, mzee ataendelea kuvua majike, na wewe utabaki mkwe mwema wa mto mgonjwa.

Hao watafiti sibishani nao. Mto uliokufa unaweza kuhitaji vifaranga, na Oddvar aliufufua wa kwenu. Asikudanganye mtu kwamba alikosea. Lakini anayeweza kutembea ukiendelea kumbeba utamlemaza. Piga kura ya kufunga.

Kosa lako ni jingine. Umezungumza na kamati, na watafiti, na mumeo, sasa na mimi. Na mzee je? Umempigia simu tu! Yule ni mtu wa kutazamwa usoni. Nenda kwake leo, peke yako, bila karatasi za magamba. Mwambie utapiga kura gani. Mwambie na ile furaha, maana tayari anaijua. Akifunga mlango, sema ukiwa nje, kwa sauti. Usimwombe msamaha kwa kura. Mwombe kwa kuchelewa kuja.

Na wewe Steinar, najua unasoma hapa: baba ni wako. Weka chini hicho kisu cha jamu.

Jibu hili nilimtumia Ingunn siku ile ile; sasa ukurasa huu ukielekea mitamboni, amenipigia simu. Alikwenda. Mlango haukufunguliwa, akasema yote akiwa barazani, mvua inanyesha, mpaka jirani akachungulia. Alhamisi akainua mkono, na kituo kimefungwa. Oddvar alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi, akainuka, akatoka. Ingunn akamfuata hadi kwenye gari.

Mzee akateremsha kioo. "Ulikuja kuniambia mimi kabla ya kamati," akasema. "Hilo sitalisahau."

Akawasha gari akaondoka. Ingunn ananiuliza, ile ilikuwa shukrani au laana? Sijui, binti yangu. Jumapili nenda ukabishe hodi.