Sweta la Mama Yako

Mwanangu mpenzi,

Huku nasukuma siku. Yule mnyama wako mdogo kama sungura, simbilisi uliyetuachia, amezeeka: meno yanamsumbua, mkojo unamponyoka. Daktari wa mifugo alimpapasa akacheka, "Mzee, huyu babu amekuzidi uzee!" Namsagia karoti, namlisha kwa kijiko.

Tangu mama yako atutoke, simbilisi hakubali kula mpaka nimfunike kwa sweta la marehemu. Sikuwahi kulifua, maana lilikuwa bado na harufu yake. Juzi mnyama alilichafua vibaya, nikalifua.

Nilidhani atagoma. Alijikunyata humo, akala akamaliza. Mimi ndiye niliyelinusa nikaambulia sabuni tu. Laiti ningemtafutia blanketi.

Ile shali ya mama uliyoondoka nayo, mwanangu, usiifue.

Baba yako anayekukumbuka